Nauza Subaru STI ya 2004 Arusha: nirudishe stoku (kama ilivyotoka kiwandani) kwanza au niuze hivi hivi na modi zake?

NjiroTubo, Arusha

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri hasa kwa nyie mnaomiliki Subaru za tubo huku kaskazini, maana nimeshapewa maneno mengi na madalali mpaka sijui nishike lipi.

Nina Impreza WRX STI ya 2004, ile ya kodi ya bodi GDB, injini EJ207 ya cc 1994, gia sita manyuali, breki Brembo mbele na nyuma. Niliiagiza Japan mwenyewe ikiwa haijaguswa, karatasi ya mnada ninayo mpaka leo, gredi 4, na cheti cha kuitoa Japan chenye kilomita zake pia kipo. Namba D. Toka iingie Arusha nimeijenga kidogo kidogo, nikipata hela nanunua kitu kimoja nafunga: ekzosi ya inchi 3 kuanzia kwenye tubo mpaka nyuma, filta ya koni, koilova (shokapu na springi za kupandisha na kushusha gari), rimu za 18, kontrola ya busti (ya kurekebisha presha ya hewa ya tubo). Afu kubwa kuliko zote nilitoa menifoldi yake na tubo yake ya skroli mbili (moshi unaingia kwa njia mbili) nikafunga menifoldi ya zile Impreza za zamani na tubo ya skroli moja, sababu wanaozijua wanajua hizi za soko la Japan za miaka hiyo hazina ule mngurumo wa Subaru, na mimi mngurumo ndio ulinifanya niipende Subaru toka nasoma. Kompyuta ikatuniwa upya hapa hapa mjini kuendana na hivyo vitu.

Gari naipenda sana ila nimeanza ujenzi Ngaramtoni na familia imeongezeka, klachi nzito wife haiwezi, so mwaka huu lazima iondoke. Nimeweka 32m. Ofa ya juu mpaka sasa ni 20m na huyo aliyeitoa anasema gari imechokonolewa. Vijana wanakuja wengi tu kuisikiliza na kupiga picha, mwenye hela hayupo. Vitu vyote vya mwanzo viko stoo, tubo, menifoldi, boksi la hewa, shokapu na springi zake, rimu za 17, ekzosi nzima, hakuna nilichouza.

Sasa nirudishe kila kitu kama ilivyotoka Japan au nivumilie nimpate anayeelewa? Na hela niliyoweka kwenye modi inarudi kwenye bei ya gari au nisiihesabu kabisa?

FundiPasua, Moshi

Mkuu nimefungua hizi injini sana, Moshi na Arusha, nakujibu kama fundi sio kama dalali.

Mnunuzi wa STI mwenye hela ana woga mmoja tu, injini. Anajua EJ ikipigwa busti kubwa na mafuta yasiyotosha oktani inagonga (mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake), ikigonga kingo za pistoni zinazoshika ringi zinakatika, au beringi za konrodi zinakwisha, na hapo anaongelea kufungua injini nzima. Gari hii Japan imetengenezwa kunywa mafuta yao ya haioku, yale yanauzwa oktani (RON) 98 mpaka 100, ya kwetu hayafiki hapo. Kwa hiyo akiona kontrola ya busti pembeni ya usukani hauoni ule uzuri unaouona wewe, anaona pistoni. Hata kama umeitunza vizuri kuliko mtu yeyote Arusha hana namna ya kujua. Ile 12m inayopungua ni bei ya woga wake, sio kwamba gari haina thamani.

Rudisha. Ila kuna utaratibu na hapa watu wengi wanaharibu. Usirudishe tubo na menifoldi ukaacha kompyuta na ile programu ya sasa. Hiyo programu imeandikwa kwa tubo ya skroli moja na ekzosi iliyo wazi, ukirudisha skroli mbili hesabu za busti na za moto wa plagi haziendani tena. Aliyekutunia kama ni fundi kweli alihifadhi programu ya kiwanda kabla hajagusa kitu, mfate akurudishie hiyo. Kama hakuhifadhi sema hapa mapema.

Skroli mbili yenyewe usiidharau. Moshi wa mitungi minne unagawanywa njia mbili mpaka kwenye tubo, mtungi mmoja hausumbui mwenzake, ndio maana tubo inaamka mapema. Ule mngurumo mnaoupenda unatokea menifoldi ikiwa na mabomba yenye urefu tofauti, moshi unafika kwa vipindi visivyo sawa. Ni sauti nzuri sikatai, ila ukiwa Arusha ulizoea kuchelewa kwa tubo ukaona ndio kawaida. Arusha iko mita 1,400 hivi toka usawa wa bahari, hewa nyepesi, tubo inazunguka zaidi kufikia busti ile ile, so skroli mbili huko inakusaidia kuliko hata inavyomsaidia mtu wa Dar. Mnunuzi akiendesha gari inavuta mapema kutoka chini bila kusubiri, hiyo inauza kuliko sauti.

Filta ya koni itoe hata kama huuzi. Vumbi la Njiro mnalijua wenyewe, lile la volkano ni jembamba sana, ile filta inapitisha na baadae linakula mapanga ya tubo, na zile za kupaka oili zinachafua sensa ya hewa gari inaanza kusoma uongo. Ukirudisha boksi la kiwanda weka filta mpya, na kabla ya hapo toa bomba la kuingilia tubo upige picha mapanga na kingo zake. Kama ni safi ile picha peke yake ina hela.

Afu pima kompresheni mitungi yote minne injini ikiwa ya moto, betri ikiwa imejaa, andika namba kwenye karatasi ya gereji na tarehe. Usiogope zikiwa chini ya za vitabuni, huko juu mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 15 pungufu ya pwani na gauji inasoma hivyo hivyo pungufu. Cha kuangalia ni mitungi kulingana, mmoja usiachane na wenzake zaidi ya asilimia 10. Hilo umweleze na mnunuzi kabla fundi wake hajamtisha.

Mkanda wa taiming umebadilishwa kilomita ngapi? Ni wa 100,000, kama umekaribia badilisha na tensheni na pampu ya maji kwa pamoja na ubaki na risiti.

KonaKijenge, Arusha

Fundi umeongea vizuri ila mi sikubaliani na kurudisha kila kitu, samahani.

STI sio gari ya kuuzia mtu anayetaka kwenda kazini tu. Huku Arusha na Moshi kuna watu wa rali, wazee wetu wamekua wanasikia Subaru inashinda Safari Rally, dereva McRae 1997, Burns 2000 na Impreza, hilo limeingia kwenye damu na watoto wao ndio wenye hela sasa hivi. Mtu wa hivyo hatafuti gari haijaguswa, anatafuta bodi isiyopigwa, gia boksi ya sita nzima na difu zisizolia. Vilivyobaki atavibadilisha mwenyewe hata ukimuuzia mpya toka kiwandani. Sasa wewe unaingia gharama ya kufunga shokapu za zamani zilizokaa stoo miaka, raba zimekauka, zinavuja wiki ya pili, mnunuzi anasema gari mbovu.

Mi ningesema acha koilova ila ziinue. Gari yako niliiona pale Philips ilikuwa chini sana, bampa limekwaruzwa na matuta, na hilo ndio jicho la mnunuzi linaanzia. Ipandishe irudi urefu wake, mpe alaimenti, bampa lipakwe rangi vizuri.

Na acha kuwapa madalali. Dalali anauza Premio na IST asubuhi mpaka jioni, STI hana cha kuisema zaidi ya "ina mbio". Piga video injini ikiwa ya baridi kabisa asubuhi, boneti wazi, mtu asikie inavyowaka na mwenyewe uongee ukionyesha kitu kimoja kimoja. Injini yenye shida inajisema ikiwa ya baridi, wewe ukiionyesha hivyo mwenye akili anaelewa huna cha kuficha.

Kwenye tubo na menifoldi ndio nakubaliana na fundi, hapo rudisha. Hata watu wa rali wanaitaka ile ya kwake.

MamaTheo, Arusha

Mdogo wangu mi nafanya kliaringi, mambo ya tubo nawaachia wenyewe, nikuongeleshe ya karatasi maana huko ndiko biashara nyingi za magari ya hivi zinafia.

Kwanza kuhusu bei. Usiipime gari yako kwa ofa za madalali, ipime kwa mtu anayetaka kuagiza ya kufanana nayo leo. Aingie kwenye kikokotoo cha TRA aweke modeli na mwaka aone mwenyewe. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, hapa una bahati cc 1994 iko chini ya 2000 kwa hiyo ni asilimia 5 na sio 10, halafu uchakavu kwa gari iliyozidi miaka 10 ni asilimia 30, halafu VAT 18 juu ya hivyo vyote, na tozo nyingine ndogo ndogo. Na huko Japan kwenyewe STI za umri huo ambazo hazijaguswa hazishuki bei siku hizi, Wamarekani wanazigombea zikifika miaka 25 maana ndio sheria yao inawaruhusu. Printi hiyo hesabu uwe nayo mkononi mtu akikuambia 20m. Huna haja ya kubishana naye, unampa asome. Ila hesabu hiyo inakusaidia kama gari yako inafanana na ile atakayoiona kwenye minada. Ikiwa na vitu tofauti anakwambia hii sio ile, na ana haki.

Pili kadi. Namba ya injini kwenye bloku ilingane na kadi, namba ya chesisi ilingane, rangi ilingane. Kama uliwahi kubadilisha bloku au rangi nenda TRA ukabadilishe taarifa kabla hujatangaza. Nimeona gari nzuri imekaa uani miezi kwa sababu mnunuzi alimleta fundi akasoma namba ya injini na haikuwa ya kwenye kadi, hata kama bloku ilinunuliwa halali na risiti ipo, mtu akishaingiwa na wasiwasi wa gari ya wizi harudi tena.

Tatu angalia deni la faini kwa namba ya gari. STI zinapigwa tochi sana hii barabara ya Moshi, kila moja elfu 30, zinajikusanya bila mtu kujua na mnunuzi akiziona anadhani unamkimbia. Lipa zote. Siku ya kuuza mkataba kwa wakili, TIN na NIDA za wote wawili, na uhamisho wa umiliki mfanye pamoja siku hiyo hiyo, usimwachie kadi akakuambia atabadilisha mwenyewe. Gari yenye mbio hivi ikipata ajali bado ina jina lako watakutafuta wewe.

NjiroTubo, Arusha

Asanteni sana kwa kweli, nimesoma yote.

Fundi, programu ya kiwanda ipo, nimeongea na jamaa leo amesema anayo kwenye laptop yake, anairudisha siku tubo ikifungwa. Mkanda wa taiming na pampu ya maji vilibadilishwa vyote kwa pamoja na risiti ninayo, bado una maisha. Bloku haijawahi kuguswa na rangi ni ile ile bluu, kwa hiyo MamaTheo kadi iko sawa. Faini nimeangalia jioni hii zipo, nalipa kesho asubuhi.

Kona umenishawishi kwenye koilova, shokapu za stoo ni kweli zimekaa sana. Ila kwenye mngurumo bado moyo unauma kuachana nao. Nimekaa kwenye gari leo nimeizima na kuiwasha najisikilizia.

Kuna kitu kingine. Kuna jamaa wa Nairobi ameona picha amenipigia anasema anatoa 30m cash anaivusha Namanga anakwenda kuisajili kwao, anataka nimtumie kwanza picha ya kadi na chesisi. Hii ikoje?

MamaTheo, Arusha

Usitume kadi. Kenya hawasajili gari iliyotumika iliyozidi miaka 8 toka isajiliwe mara ya kwanza, ya kwako ya 2004 imeshapita zamani, hakuna namna halali ya kuipa namba ya Kenya. Kwa hiyo ama hajui sheria ya kwao, jambo ambalo kwa mfanyabiashara wa magari ni gumu kuliamini, ama anataka karatasi zako kwa ajili ya gari nyingine. Vyovyote vile hapo hakuna biashara ya gari nzima. Vifaa ni kitu kingine, vifaa vinavuka kwa kulipiwa forodha, na Nairobi Subaru ni nyingi mno, ile tubo na ekzosi unaweza kupata mtu wa kule kwa bei nzuri kuliko hapa.

FundiPasua, Moshi

Hapo mama kasema kweli tupu.

NjiroTubo kuhusu hela ya modi nilisahau kujibu. Kwenye bei ya gari hairudi, kwenye vifaa vikiuzwa kimoja kimoja inarudi sehemu yake ya maana. Mtu anayenunua gari yenye ekzosi ya inchi 3 hakuongezei hata laki tano kwa ajili ya ekzosi, ila mwenye WRX anayeitafuta ekzosi hiyo hiyo atakulipa hela ya kueleweka maana ya kuagiza inakuja na usafiri na ushuru. Rimu ndio zitaondoka haraka kuliko vyote. STI ya 2004 bado ni matundu 5x100 (nati tano kwenye duara la milimita 100), kuanzia 2005 ndio walihamia 5x114.3, kwa hiyo rimu zako zinaingia Forester na Impreza za kawaida zilizojaa huku, na hata Allion na Premio ni 5x100. Wewe rudisha zako za 17, ndogo ya hapo Brembo hazipiti.

Koilova nakubaliana na Kona, ziinuliwe zibaki, ila shokapu za zamani mpe mnunuzi bure kwenye boksi. Mtu akipewa vitu vya kiwanda anajua mwenye gari alikuwa mtunzaji.

Na la mwisho, ukirudisha kila kitu usiitangaze siku hiyo hiyo. Iendeshe, panda nayo mpaka Karatu urudi, halafu shuka nayo Moshi uje tuiangalie. Huku ni karibu mita 600 chini yenu na joto juu, hewa ni nzito, injini inapata mzigo zaidi kwenye busti ile ile, kama kuna kugonga kutaonekana kwenye kompyuta huku kabla ya Arusha. Mnunuzi akitoka Dar huko ndiko itakakokwenda kuishi gari, ni bora ujue sasa kuliko akupigie simu akiwa Chalinze.

KonaKijenge, Arusha

Kwenye kujaribisha gari kuwa mkali. Mtu asiendeshe mpaka uone leseni yake na uone ana hela kweli, na uendeshe wewe kwanza injini ipate moto ndio umpe usukani. Vijana wanakuja wanakanyaga gia ya pili mpaka mwisho oili ikiwa ya baridi, beringi zinaumia na wewe ndio unabaki nayo. Pitieni baipasi mapema asubuhi, barabara ya Moshi msiende, kuanzia Tengeru mpaka Kikatiti vibao vya 50 na tochi vinafuatana.

Bei anza 33m baada ya kurudisha, shikilia. Chini ya 28m mi ningeipaki nisubiri, kwa hali ya hiyo bodi.

Mangi5x100, Moshi

Habari wakuu, samahani kuingilia, mi nina Allion ya 2008. Hizo rimu za 18 ni upana gani na ofset ngapi, na unauza na tairi? Niko Soweto hapa naweza kuja Arusha jumamosi.

NjiroTubo, Arusha

Karibu kaka. Ni 8J (upana inchi 8), ofset (umbali wa sehemu ya kufungia toka katikati ya rimu) milimita 45, tairi zina nyuzi bado kama nusu, hazijawahi kuchomelewa wala kupinda. 900k zote nne na tairi zake.

FundiPasua, Moshi

Mangi matundu yanaingia ila kuna mambo mawili. Tundu la kati la Subaru ni 56.1 na la Toyota ni 54.1, kwa hiyo uweke ringi za kati usukani usitetemeke ukifika 80. Na 8J ni pana kwa Allion, inaingia ndani kama sentimita mbili na nusu kuliko rimu yako ya sasa, inaweza kugusa shokapu. Nenda na gari yenyewe, fungeni moja mbele na moja nyuma, kata usukani mpaka mwisho pande zote, pakieni watu nyuma mwangalie fenda, ndio ulipe.

Mangi5x100, Moshi

Sawa fundi nimekupata. NjiroTubo nitumie namba inbox, jumamosi saa nne nitakuwa Njiro, usimpe mtu mwingine tafadhali.